Wageni wakibeba karai, msaragambo ubaki wa nani?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya shule ya msingi katika kijiji kimoja cha milimani, wilaya ya Same. Tangu enzi za wazee wetu kazi za kijiji zinakwenda kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, na siku yetu ni Jumamosi. Kwa miaka miwili sasa kuna shirika linatuletea vijana wa kujitolea kutoka Ulaya, wiki tatu kila Julai, wanajenga darasa. Tunawashukuru. Lakini tangu waje, wanakijiji hawatoki. Ukipiga mbiu wanakujibu "wazungu watamalizia", na wengine wanadai posho. Mwaka huu wanakuja tena. Je, tuwakatae? Na swali dogo: sheria yetu ndogo inasema asiyefika msaragambo bila udhuru analipa faini. Mwaka jana wageni wawili walilala hadi saa nne asubuhi. Wajumbe walicheka, wakaacha. Ingekuwa wewe ungefanyaje?

Jibu:

Ndugu Katibu, hilo swali lako dogo nimelipenda kuliko lile kubwa, na nitalijibu mwishoni. Kwanza fungua daftari la mahudhurio.

Najua mnalo, maana kijiji kinachotoza faini hakikosi orodha. Hesabu waliofika kila Jumamosi, kitongoji kwa kitongoji, urudi nyuma miaka kumi hivi kama kumbukumbu zipo, uone idadi ilianza kushuka lini. Nimefanya zoezi hili katika vijiji kadhaa nilipokuwa ofisa maendeleo ya jamii, na mara nyingi watu walikuwa wameanza kupungua kabla mgeni yeyote hajashuka kwenye gari. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba shule sasa ni ya serikali kuanzia chaki hadi bati. Mwanzoni mwa 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku walimu kukusanya michango. Mlango wa kuchangia kwa hiari kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri uliachwa wazi, lakini kilichofika vijijini ni nusu ya habari: michango marufuku. Juu ya hayo kuna maboma. Watu walipandisha kuta hadi usawa wa renta kwa ahadi kwamba halmashauri itapaua, kisha wakatazama masika baada ya masika yakinyeshea matofali yao. Mama aliyebeba mchanga kichwani kwa ajili ya boma ambalo leo mbuzi wanalala ndani yake, utamwambia nini kuhusu kujitolea?

Kwa hiyo kama daftari linaonyesha watu walianza kupungua mapema, wageni wameikuta homa tayari. Kama walipungua Julai ile ile, basi tuna la kusema juu ya wageni. Mimi nadhani utakuta yote mawili, na dawa zake ni tofauti. Wageni hawawezi kuponya uchungu wa boma. Huo ni wa kupeleka kwa diwani na mkurugenzi, mkiwa na picha za boma na tarehe ya ahadi.

Sasa niseme juu ya neno lenyewe. "Kujitolea" linatuchanganya, kwa sababu tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. Kijana wa Ulaya anajitolea: anachagua nchi, anachagua mwezi, anajilipia nauli, akimaliza anarudi kwao na hakuna anayemdai. Mpare anayekwenda kuzoa tope kwenye ndiva hajitolei kwa maana hiyo. Ndiva ni bwawa la ukoo au la kijiji, maji hujaa usiku na mchana hugawanywa kwa zamu, na asiyezoa tope hana uso wa kudai zamu. Jirani zenu Wachaga wana mifongo yao, mifereji ya maji, kwa mtindo huo huo. Usukumani vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, wa kuwapanga kulima shamba la mtu kwa pamoja. Ukivuka mpaka kwenda Kenya unakuta mwethya kwa Wakamba, ambao ulijenga matuta mengi ya Machakos, na ngwatio kwa Wakikuyu. Majina mengi, mfumo mmoja: kazi yako leo ni deni ambalo jirani atakulipa kesho, kuna anayeandika aliyefika, na kuna kinachompata asiyefika.

Wageni wengi hawalijui hili. Wanafika wakidhani wanaleta moyo wa kujitolea mahali usipokuwepo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2018 kuhusu kazi za kujitolea ilikadiria kwamba, ukizikusanya duniani kote, kazi hizo ni sawa na za watu milioni 109 walioajiriwa muda wote, na kwamba asilimia 70 kati yake hufanyika kati ya mtu na mtu, bila shirika wala nembo. Ndiva yenu imo humo. Fulana zenye maandishi zimo katika ile asilimia 30 iliyobaki.

Usinielewe kwamba msaragambo ni kitu kitakatifu. Wazee wanakumbuka kazi za lazima za enzi za mkoloni, na hata baada ya Uhuru kulikuwa na mahali ambapo "kujenga taifa" kulisimamiwa kwa fimbo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 unaokataza kazi ya shuruti uliziacha nje kazi ndogo ndogo za jamii, lakini kwa sharti moja ambalo viongozi wetu hulisahau: wanajamii wenyewe, au wawakilishi wao wa moja kwa moja, wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hiyo inahitajika. Katiba yetu nayo, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti huku ikiacha nafasi kwa kazi za ustawi wa jamii. Tafsiri yake kwa kijiji chenu ni hii: mkutano mkuu wa kijiji ukiamua darasa lijengwe, ule ni msaragambo. Mtu akiamua mjini, au ng'ambo, halafu nyinyi mkapigiwa mbiu, hiyo ni kazi ya mwenye kuamua, na watu wana haki ya kumwachia mwenyewe.

Nadhani hapo ndipo penye kidonda chenu. Jiulize: darasa la mwaka jana nani alilichagua? Nani alipanga lianze Julai? Kama jibu ni shirika, basi wanakijiji wanaosema "wazungu watamalizia" si wavivu. Wametambua mwenye kazi.

Nitakusimulia jambo lililonipata. Miaka mingi iliyopita nilisimamia kijiji kilichokuwa kinachimba mtaro wa bomba la maji. Kila kaya ilipimiwa kipande chake, na mtaro ulikwenda vizuri kwa miezi. Kikaja kikundi cha wageni kusaidia kwa siku kumi. Wafadhili wao, kwa nia njema kabisa, wakawapa glavu, maji ya chupa na soda mchana. Wanakijiji wakachimba bega kwa bega nao kwa mikono mitupu, na kata moja ya maji ikizunguka. Mimi niliona, nikanyamaza, nikijiambia ni siku kumi tu. Jumamosi ya kwanza baada ya wageni kuondoka, mzee mmoja aliyekuwa hakosi hata siku moja alisimama kando ya kipande chake akauliza kwa upole: "Leo soda hakuna?" Watu walicheka. Jumamosi iliyofuata wakaja nusu. Hatukuwahi kuwarudisha wote, na mita za mwisho zikachimbwa na vibarua wa kulipwa. Kosa lilikuwa langu. Ningewaambia wafadhili siku ya kwanza: glavu kwa wote au kwa hakuna.

Kwa hiyo mtu anapodai posho usimkaripie. Muulize ameona nini. Mara nyingi ameona wenzake wa kazi ile ile wakitunzwa, yeye akipigiwa makofi.

Je, mgeni na msaragambo haviwezi kukaa pamoja? Vimekaa. Mfano ninaoupenda uko Kenya. Baada ya Jomo Kenyatta kuifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, vijiji vilijenga sekondari kwa nguvu zao, zikaitwa shule za harambee. Kuta walizimudu. Walimu wa hesabu na sayansi hawakuwa nao, na mwalimu huwezi kumfyatua kama tofali. Basi vijana wengi wa Peace Corps, shirika la Marekani la kupeleka watu wa kujitolea nje, walipangwa kwenye shule hizo, wakakaa miaka miwili, wakafundisha. Mzazi hakuwa na sababu ya kusema "mzungu atamalizia", kwa sababu mzungu hakuja kushika chepe. Alifanya lile ambalo harambee haikuweza kulitoa. Sisi wenyewe, kundi la kwanza la Peace Corps kuja Tanganyika mwaka 1961 lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, watu wa kazi za barabara, maana waliohitajika ni wataalamu na siyo wabeba mawe. (Harambee ya Kenya nayo ilikuja kuumwa ugonjwa mwingine: ikageuka ya bahasha za wanasiasa, hadi sheria ya maadili ya 2003 ikawawekea watumishi wa umma mipaka. Nguvu ikishageuzwa kuwa fedha, mwenye fedha nyingi ndiye anayechukua kipaza sauti.)

Pima ugeni wenu kwa kipimo hicho cha mgeni kufanya lile msiloweza wenyewe. Kijiji chenu hakina upungufu wa watu wa kubeba mchanga. Mna mafundi, mna saidia fundi wasio na kazi. Kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kukoroga zege si msaada kwa ukuta, na ukuta usiofuata ramani ya mhandisi wa halmashauri unaweza kukataliwa nanyi mkabaki na boma lingine. Waombe shirika hesabu: nauli, malazi na ada ya kijana mmoja ni kiasi gani? Kisha muulize fundi wenu fedha hiyo ingemlipa siku ngapi. Sikutumi ukawavunjie heshima. Hesabu hiyo ndiyo itakayokupa ujasiri wa kusema "mwaka huu tungependa hivi".

Na ungependa vipi? Ningekuwa mimi katibu, ningeshikilia kanuni moja: wageni wasianze kazi wala wasiimalize. Msingi uchimbwe Mei na Juni kwa msaragambo, baada ya mkutano mkuu kuamua, mawe na mchanga vikiwa kiwanjani. Wageni wakute kazi iko njiani na wenyewe wako kazini. Wakiondoka, kupaua kubaki kwenu na halmashauri. Hivyo hakuna Jumamosi ambayo kazi ilikuwa yao peke yao. Tena wageni si wa kuwategemea kama nguzo, hata wakiwa wazuri. Peace Corps iliondoka Tanzania mwaka 1969 ikarudi 1979, kwa mambo ya siasa yasiyohusu shule yoyote. Machi 2020, korona ilipoingia, ikawarudisha Marekani watu wake wote duniani, takribani 7,000, kwa siku chache tu. Mpango unaokwama mgeni asipokuja haukuwa mpango wa kijiji.

Ndani ya wiki zile tatu, wagawe vitongojini. Wasikae kama timu yao wenyewe yenye karai zao na mapumziko yao. Wawili wawe wa kitongoji hiki, wawili wa kile, waandikwe kwenye daftari la kitongoji, waamriwe na mwenyekiti wa kitongoji kama wengine. Chakula kiwe kimoja. Nenda nao pia kwenye kikao. Rwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, na kazi ikiisha watu hukaa kuzungumza mambo ya eneo lao. Kile kikao ndicho wengi wanaoiga umuganda hukiacha, kumbe ndipo mtu hujua kesho atakuja kufanya nini na kwa nini. Nyinyi mna wanawake wanaobeba maji na mawe kuliko mtu yeyote na hawasikiki kwenye kamati. Kikao cha baada ya kazi, mchanga ukiwa bado mikononi, huwa ni rahisi kwao kusema.

Fedha zipite kwenye akaunti ya shule, zisipite mkononi mwa mtu, hata mkono wako. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni na yasomwe kwenye mkutano mkuu, ambao kisheria ni kila miezi mitatu. Nusu ya minong'ono ya "posho zetu zimeliwa" hufa karatasi ikibandikwa.

Kuna mambo mawili ambayo hayana mjadala. La kwanza ni vibali. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi za kujitolea. Anatakiwa kibali cha ukaazi, na wa kujitolea huwekwa daraja C. Dai nakala kabla hawajapanda ndege. Maofisa wa uhamiaji wakiwakuta hawana, aibu itakuwa ya shule. La pili ni watoto. Mgeni asibaki peke yake na mtoto, asiwapige picha za kurusha mitandaoni bila ruhusa ya mzazi, na alete hati ya polisi ya kwao inayoonyesha kwamba hana kosa. Na shirika likiwashawishi mfungue kituo cha yatima ili wageni wapate "kucheza na watoto", kataeni. Vituo hivyo vinahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, watoto wengi wanaowekwa kwenye vituo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaja wazi madhara ya utalii wa kujitolea kwenye vituo vya yatima. Mtoto anayezoea mtu mpya kila wiki tatu na kumpoteza, anafundishwa kitu kibaya.

Kuhusu kufundisha Kiingereza darasani, ambalo najua litaletwa kama "zawadi": tazama kwanza kama mna mwalimu wa kujitolea. Shule nyingi zinao, kijana wa Kitanzania aliyemaliza chuo cha ualimu, hajapata ajira, anafundisha kwa posho ndogo isiyofika kwa wakati. Kumweka pembeni ili mtalii wa wiki tatu ashike chaki ni kumtukana. Kama shirika lina fedha ya ziada na kweli linapenda elimu, limlipe huyo posho yake ya mwaka kupitia kamati. Na kama linaweza kuleta mwalimu wa fizikia wa miaka miwili kwa sekondari ya kata, anayejifunza Kiswahili na kupanga chumba kijijini, huyo mpokeeni kwa ngoma.

Kwa hiyo usiwakatae. Waandikie barua sasa, kabla hawajanunua tiketi, ikiwa na muhtasari wa mkutano mkuu: tumeamua kujenga nini, tumeshachimba nini, tunahitaji nini kwenu, na sheria zetu ni hizi. Shirika zuri litafurahi. Likigoma kwa sababu vijana wake "wanataka wajenge kitu chao", hapo utakuwa umejua lilikuwa linamjengea nani.

Sasa wale wawili waliolala hadi saa nne. Wakitokea tena wa namna hiyo, watozeni faini. Kiasi kile kile anachotozwa Mpare, si zaidi kwa sababu ana dola, si pungufu kwa sababu ni mgeni. Kabla ya hapo hakikisheni sheria ndogo imeidhinishwa na halmashauri ya wilaya, maana ambayo haikuidhinishwa huwezi kumtoza hata mwenyeji, na wasomewe siku wanayofika, kwa lugha wanayoielewa. Udhuru wao usikilizwe kama wa wengine. Kuharisha kwa mgeni wa siku ya tatu ni udhuru halali kabisa. Wasipokuwa nao, mwenyekiti wa kitongoji awaite mbele ya watu wale wale waliobeba mchanga asubuhi ile, apokee fedha, na mtendaji awaandikie stakabadhi. Mwaka jana wajumbe walipocheka wakaacha, kijiji kizima kiliona kwamba kuna watu ambao daftari haliwahusu. Julai hii majina ya wageni yasomwe baada ya majina ya wanakitongoji, kwa sauti ile ile.